Kutoka Dhahabu Hadi Shaba

Stoo ya Nafaka, Busia
4 Februari 2025

Ndugu yangu Ofumbi, Namba Tisa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi na mama watoto hatujambo, ni joto tu na vumbi la malori.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Jumapili nimekupigia mara nne, jana mara mbili, nawe unanirudishia ujumbe wa neno moja: andika. Haya, naandika. Mimi ni karani, karatasi ndiyo kazi yangu. Barua hii anakuletea Taaka, yule mama anayepeleka dagaa wa mukene soko la Tororo, na jibu umkabidhi yeye mwenyewe.

Kwanza, hongera kwa jogoo. Umeshinda fainali ya daraja la Shaba na jogoo wa zawadi ni wako.

Pili, na hapa usikasirike kabla hujamaliza kusoma, watu wanalalamika. Wewe unajua Ligi yetu ya Mpaka ilivyo. Tuko thelathini na mmoja, Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, Malaba na Tororo, na sote tunacheza mchezo ule ule wa gofu kwenye simu. Madaraja hatuyagawi sisi. Mchezo wenyewe unatazama raundi zako ishirini za mwisho, kisha unakuweka Dhahabu, Fedha au Shaba, ili anayejifunza asichinjwe na fundi. Sisi tunafuata tu. Sasa nisomee hii kwa sauti: Agosti Ofumbi yuko Dhahabu, tena wa kwanza. Oktoba yuko Fedha. Desemba yuko Shaba. Februari Ofumbi anambeba jogoo mbele ya Okia, kijana wa bodaboda ambaye mpira wa gofu wa kweli hajawahi kuushika mpaka nilipomwonyesha wangu.

Okia ameniuliza, "Mzee Mangeni, hii ni haki?" Nimemwambia nitakuuliza mwenyewe.

Tisa, wengine wanaweza kubahatisha, mimi siwezi. Nani alikuwa nawe miaka kumi na miwili tukibeba mifuko ya gofu ya wakubwa pale uwanjani Tororo, wewe na kibao namba tisa kifuani, mimi na kumi na moja? Jumatatu ilikuwa siku yetu wabeba mifuko kucheza, na kuanzia Septemba wewe ulikuwa unapiga mipira kulia, kulia, kila wiki kulia, mpaka handikapu yako, yale mapigo ya bure anayopewa mchezaji dhaifu, inapanda kama ya mtoto. Krismasi ikifika unanyoosha mipira na kuchukua zawadi, halafu tunagawana nyama nyuma ya jiko la klabu. Tulikuwa vijana na tulikuwa na njaa. Nilicheka na nikala.

Nimeangalia raundi zako za tangu Agosti, moja moja. Mipira yote inakwenda kulia.

Niandikie unieleze. Nataka niwe na la kuwaambia watu.

Wako,
Mangeni, Namba Kumi na Moja
Katibu wa Ligi

*

Rubongi, Tororo
10 Februari 2025

Kumi na Moja,

Barua nimepata. Nimesoma mpaka mwisho, halafu nimekasirika. Umesema nisikasirike kabla, si baada.

Mimi nakuuliza: nani ameniweka Shaba? Mimi? Mimi nilikwenda kwa hiyo mashine nikasema nishushe, tafadhali? Umeandika mwenyewe kwamba madaraja inagawa mchezo. Basi peleka mashtaka kwa mchezo. Mzani wa stoo yako ukisema gunia ni kilo tisini, unalipiga gunia?

Okia nilimshinda kwa sababu Okia hajui upepo. Anaona bendera, anavuta kidole, anaachia. Mimi nangoja. Ile shimo la mwisho nilingoja mpaka saa ya mchezo inakaribia kuisha, unakumbuka? Ninyi huko kwa duka ya Resty mlikuwa mnapiga kelele kwamba mzee amelala. Sikulala. Nilikuwa nafanya kazi.

Watu ya Busia mnapenda mikutano sana. Mkipata kikao na soda, hata malaika mtamwita ajieleze.

Kuhusu simu, usinipigie. Nimeokoka siku hizi, sitaki maneno mengi. Hata kwa chungu ya pombe ya malwa siendi tena, ukitaka uliza jirani wangu yeyote.

Jogoo mzima. Anawika vibaya lakini anawika.

Ofumbi

*

Busia
13 Februari 2025

Ndugu yangu,

Wewe umeokoka? Banange! Wewe uliyekuwa unauweka mrija wako wa malwa kwenye mfuko wa mgongo kama askari na bunduki? Mama watoto amecheka mpaka akaketi chini. Mimi nimecheka kidogo, kisha nikasema moyoni, huyu mtu ananificha kitu. Anayecheza safi hukaa na wenzake wakanywa.

Na mwandiko wako umekuwaje? Herufi ndogo kama chawa. Nimeazima miwani ya jirani juu ya miwani yangu. Unabana wino?

Tisa, swali lako la mzani nimelipeleka mbele ya kamati kama lilivyo. Resty amesema ni swali zuri. Amesema mzani hupima kilichowekwa juu yake, haujui kama mwenye gunia ametoa nusu ya mahindi na kuyaficha nyumbani. Ndivyo sote tunavyoona. Mchezo unapima kidole chako cha leo. Haujui ulichokificha. Watu ndio wanaojua, na mimi ndiye ninayejua kuliko wote.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Jumamosi tarehe 22 njoo hapa dukani kwa Resty, saa nane mchana, ucheze raundi tatu mbele yetu. Mkono wako mezani, simu mezani, sote tunatazama. Ukicheza Shaba, sisi tutakuomba radhi mmoja mmoja, na mimi nitakuwa wa kwanza. Ukikataa kuja, kamati itajua la kufanya.

Njoo, ndugu yangu. Ni saa moja tu ya kutazamwa, kisha yamekwisha. Nauli ya kuja usijali.

Mangeni

*

Rubongi
20 Februari 2025

Mangeni,

Siji.

Andika hivi kwa kitabu chako: Ofumbi alijishusha. Nilikosa makusudi kuanzia mwezi wa nane, kulia, kama zamani. Nilitaka kushinda watoto kwa urahisi. Mkono wangu ni mzima, ni ule ule unaoujua, na nikitaka kesho nitarudi Dhahabu. Sitaki.

Wasomee wote. Nitoeni.

Jogoo yuko na Taaka.

Ofumbi

*

Busia
24 Februari 2025

Bwana Ofumbi,

Jogoo amefika. Barua imefika. Nimeisoma Jumamosi mbele ya watu ishirini na sita, kama ulivyoagiza, na jina lako nimelifuta kwa mkono wangu. Jogoo amepewa Okia. Amemla Jumapili.

Nilipokuwa nasoma ilinibidi niketi. Resty akaniletea maji. Unajua kwa nini? Kwa sababu mpaka Ijumaa nilikuwa nakutetea. Niliwaambia, subirini, Ofumbi atakuja, ataweka mkono mezani, na mtaona aibu. Nilibisha na Okia mpaka akaniita mzee mkaidi. Wewe ulikuwa unajua yote haya ukaniacha nijiaibishe.

Zamani tulidanganya matajiri waliokuwa wakitutupia chenji. Sasa umemdanganya kijana anayeshinda juani kwenye pikipiki, ambaye furaha yake yote ya wiki ni Jumapili moja kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Huoni tofauti?

Ligi hii niliianza kwa ajili yako. Shemeji yangu Mama Auma alipofariki ulikuwa hutoki nyumbani, nikatafuta kitu cha kukutoa. Hilo hukulijua. Sasa lijue.

Usiniandikie tena.

W. Mangeni, Katibu

*

Rubongi, Tororo
11 Machi 2025

Kwa Baba Mdogo Mangeni,

Shikamoo. Mimi ni Auma, binti wa Ofumbi, yule fundi cherehani wa Malaba. Siku hizi nimerudi kukaa na baba. Baba hajui kwamba ninakuandikia. Barua yako ya mwisho niliikuta chini ya godoro nilipokuwa natandika, nikaisoma, nikalia. Nisamehe kwa kusoma barua isiyo yangu.

Baba hakujishusha. Baba ni mgonjwa.

Ni ugonjwa wa kutetemeka. Daktari alisema ni wa mishipa ya ubongo, hauponi, dawa zinautuliza kidogo tu. Ulianza mwaka juzi kwenye kidole gumba cha kulia, akasema ni baridi. Sasa ni mkono mzima na mguu, na sauti imekuwa ndogo mpaka ninamsogelea kumsikia. Ndiyo maana hapokei simu. Hajaokoka, Baba Mdogo. Aliacha malwa kwa sababu mrija ulikuwa unagonga chungu, tak tak tak, na wenzake wakaanza kumtazama. Aliwaambia ameokoka akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo mchungaji anakuja kila Jumatano naye anamvumilia.

Mwandiko ule mdogo ni ugonjwa. Ile barua yake ya kwanza aliiandika siku tatu.

Kwenye simu ilikuwa hivi: akivuta kidole nyuma, kidole kinaruka, mpira unakwenda kulia. Alikuwa anaweka simu kwenye mto, anakalia mkono wa kushoto ili mwili utulie, anangoja mtetemo upungue kisha anaachia. Ile fainali alicheza hivyo. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu anayelima. Alipompata yule jogoo alikataa asichinjwe. Alimfunga karibu na mlango akawa anakaa naye, na kila mgeni akija anaambiwa, huyu nimempata kwa kushinda.

Nilimwambia, baba, si umwambie Baba Mdogo ukweli yaishe? Akasema heri waniite mjanja kuliko waniite mgonjwa. Akaanza kuandika ile barua ya pili. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza chumbani.

Siombi umrudishe kwenye ligi. Ninaomba usimchukie. Na tafadhali sana asijue kwamba nimekuambia, atanifukuza na mimi nina pa kwenda, yeye hana wa kumlisha.

Mwanao,
Auma

*

Busia
2 Aprili 2025

Ndugu yangu Tisa,

Nilisema usiniandikie, sikusema mimi sitaandika. Karani anajua kuacha mlango wazi.

Nimekaa na hasira wiki tano, imeniisha. Nilikuwa na maneno makali na ningependa kuyala yote kama unakubali. Nisamehe.

Nikuambie habari ya kuchekesha. Nimeshuka! Mimi Mangeni, niliyekuwa Fedha mwaka mzima, mchezo umenitupa Shaba Jumatatu hii. Ni macho, bwana. Bendera naiona mbili, sijui nipige ipi. Kwa hiyo sasa tuko daraja moja, na mchezo unaruhusu watu wa daraja moja kualikana, ligi iwepo isiwepo. Mimi na wewe tu, hakuna kamati, hakuna wa kutazama. Hata saa ya mchezo inaweza kuzimwa, uchukue muda wako.

Nakutumia mwaliko Jumapili baada ya kanisa. Ukubali, tafadhali.

Kumi na Moja

*

Rubongi
29 Aprili 2025

Kumi na Moja,

Anaandika Auma, maneno ni yangu. Nimemwambia asibadilishe hata moja.

Tumecheza raundi tisa. Mimi nimeshinda saba. Saba! Mimi ambaye juzi kijiko cha uji kimenitoroka mpaka kwa sikio. Jana shimo la saba, upepo hakuna, bendera iko karibu kama mlango na kitanda, wewe umepiga kulia kwenye maji. Mangeni, huo mpira naujua. Huo ni mpira wangu. Mimi ndiye nilikufundisha kukosa hivyo, ukaonekana unajaribu.

Macho yako hayana shida. Kwanza hakuna mtu wa Fedha anashuka Shaba kwa wiki tatu bila kujitupa. Umejishusha. Katibu wa haki!

Halafu nikajua. Nikamtazama Auma, akatazama chini. Usimlaumu, na mimi sijamfukuza, ndiye huyu anaandika na machozi yake inaharibu karatasi.

Sasa nisikilize. Huruma yako naitaka. Lete sukari, lete maneno mazuri, njoo ukae, nitafurahi. Lakini ndani ya mchezo usiilete. Hapo ndipo mahali moja tu nimebaki mtu. Nikipata shimo kwa mkono huu unaoruka, nimelipata. Ukinipa wewe, umeninyang'anya na lile ningepata mwenyewe.

Na ile niliyoandika, kwamba nilijishusha, iache ikae. Unajua mtu anayekosa makusudi watu wanamfanya nini? Wanamwogopa. Wanasema, huyo akitaka anakumaliza. Mtu anayekosa kwa sababu mkono umekufa, wanamshikia kikombe na kumwambia pole, mzee, pole. Nimebeba mifuko ya watu maisha yangu yote, sikuwahi kuwa na kitu isipokuwa mkono. Waache waseme bado ninao.

Jumapili cheza kweli. Nipige.

Ofumbi

*

Busia
6 Mei 2025

Tisa,

Nimekupiga. Raundi nne, zote nne, tena ile ya tatu kwa mapigo kumi na tisa. Nilipomaliza nilitoka nje nikasimama nyuma ya magunia kwa sababu sikutaka mama watoto anione. Umefurahi sasa?

Na mimi nina hasira, nikuambie. Ungeniandikia mstari mmoja tu, mkono unanitetemeka, ningefunga stoo nikaja kwa pikipiki siku ile ile. Badala yake uliniacha nisimame mbele ya watu ishirini na sita nikamvua nguo ndugu yangu, nikijiona mtu wa haki. Niliangalia raundi zako zote, nikahesabu kila mpira uliokwenda kulia. Niliona kila kitu isipokuwa wewe. Hiyo nitailalia na kuamkia.

Kila Jumapili nitakuja. Nitakupiga ukiwa umekaa mbele yangu.

Mangeni

*

Rubongi
19 Juni 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Asante kwa sukari na sabuni. Jumapili uliyokosa kuja kwa sababu ya mazishi kwenu Masafu, baba alikuulizia tangu asubuhi.

Simu hawezi kuishika tena. Juzi nilimwambia, wewe niambie pa kuelekeza na nguvu kiasi gani, kidole niweke mimi. Tulipiga shimo moja, mpira ukaenda moja kwa moja mpaka karibu na bendera. Nikashangilia. Yeye akasema, "Hiyo ni raundi yako, Auma, iandike kwa jina lako." Tangu hapo hajaiomba simu. Huwa ananiomba nimsomee matokeo ya ligi tu. Aliposikia Okia amepanda Fedha alitikisa kichwa akasema kijana ameanza kungoja upepo.

Kumeza ni shida sasa. Uji unaingia njia isiyo yake, anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Leo kifua kinamlia. Kesho asubuhi tunampeleka hospitali. Kama unaweza, njoo mapema, usingoje Jumapili.

Auma

*

Busia
27 Juni 2025

Mwanangu Auma,

Tangu uliponipigia jana asubuhi kwamba baba ametutoka, sijala. Ninaandika kwa sababu kwenye simu nililia tu, sikukuuliza nililotaka kukuuliza.

Kesho kwenye mazishi tutakuja watu kumi na wanane wa ligi. Resty amekodi gari. Jana jioni walikuwa wanazungumza dukani na nikasikia wakimwita yule mzee mjanja. Hawakusema kwa ubaya, lakini ndilo jina walilonalo, na mimi ndiye niliyewapa. Barua yake ya kukiri bado iko kwenye faili la stoo.

Nataka kesho nisimame niseme ukweli. Niseme hakumwibia mtu, alikuwa mgonjwa, na yule jogoo alimpata kwa haki kuliko sisi wote. Niseme mimi ndiye niliyekosea. Moyo unaniambia nisipoyasema kesho sitapata siku nyingine. Lakini najua alivyoniandikia. Wewe ni mtoto wake. Niambie nifanye nini, na kijana aliyeleta barua hii angojee jibu.

Mangeni

*

Rubongi
27 Juni 2025

Baba Mdogo,

Mimi ningependa uwaambie. Nimechoka kumficha. Majirani wanajua ni kifua tu kilichomuua.

Lakini hospitalini, siku ya pili, alinishika nguo akasema, "Mangeni ana mdomo mwepesi akihuzunika. Mwambie asinishushe." Nilimwahidi nitakufikishia. Nimekufikishia. Amua wewe.

Auma

*

Busia
30 Juni 2025

Mwanangu Auma,

Jana na leo nimekaa nikitafuta namna ya kukuandikia. Uliniona nilivyosimama ukainamisha kichwa, kisha watu wakatutenganisha na sikuweza kukufikia.

Nataka ujue kwamba nilipoondoka Busia asubuhi ile nilikuwa nimeamua kusema. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, mistari kumi na miwili, mfukoni mwa koti. Nilikuwa naigusa njia nzima. Nilipomwona amelala pale, na mikono yote miwili imetulia kifuani, nikazidi kusema leo nitawaambia.

Kisha msemaji akamwita Okia kwa niaba ya ligi. Ulimsikia. Alisema, "Mimi mzee huyu alinipiga nikiwa Shaba, nikalalamika. Baadaye nikaja kufikiri. Miezi mitano alikosa makusudi bila mtu kujua, hata kompyuta akaidanganya. Mnajua ni vigumu kiasi gani kukosa hivyo kila siku? Mkono wa namna hiyo mimi sijauona na sidhani nitauona." Watu wakacheka, wakapiga makofi, pale pale kaburini. Nilimtazama yule kijana na hakuwa anadhihaki. Alikuwa anamheshimu kwa dhati, kuliko walivyowahi kumheshimu wale wote aliowabebea mifuko.

Msemaji akanigeukia. Akasema, "Katibu, wewe na mzee mlibeba mifuko pamoja tangu ujana, hebu tuthibitishie, ni kweli mzee alikuwa hivyo?"

Nilitia mkono mfukoni, nikaishika karatasi. Nilikutazama wewe. Nilimtazama yeye.

Nikasema ni kweli. Nikasema Ofumbi hakuwahi kukosa mpira hata mmoja ambao hakutaka kuukosa.

Nimedanganya mbele ya kaburi, mwanangu, na najua wewe ulitaka nisidanganye. Nisamehe ukiweza. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Baba yako mdogo,
Mangeni